Barakoa Mbili za Salopeti

Kibao kiliandikwa kwa rangi nyekundu, na aliyekiandika alikuwa na hasira tangu herufi ya kwanza: BILA CACHE-NEZ HAKUNA KUPANDA. Chini yake, kwa herufi ndogo, kama mtu aliyekumbuka tabia zetu: CACHE-NEZ YA KIDEVUNI SI CACHE-NEZ.

Cache-nez ni barakoa. Hapa Likasi, mji wetu wa migodi, tuliipa jina la Kifaransa lenye maana ya kifunika pua, halafu tukaivaa kila mahali isipokuwa puani. Kidevuni, shingoni, kwenye kiwiko. Mwalimu wetu wa hesabu aliivaa kwenye paji la uso kama mchimbaji aliyesahau taa yake chini ya ardhi.

Kibao hicho kilisimama mbele ya kitu ambacho sisi wadogo hatukuwahi kukiona: gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani, lenye vikapu vya chuma vya rangi rangi. Lilifika kwa malori mawili, vipande vipande, muda mfupi baada ya shule na makanisa kuruhusiwa kufungua tena. Sasa ona watu wa Likasi. Kwetu chuma kikubwa kikipita barabarani, basi ni cha mgodi. Mchezo haumjii mtu kichwani. Kesho yake asubuhi wanaume walikuwa wamejipanga kwenye uwanja wa mpira na bahasha zao za vyeti wakiomba kazi, na mjomba wangu alikuwa wa tatu kwenye mstari, kofia ya chuma kichwani.

"Bataanza kuchimba lini?" aliuliza.

"Kuchimba nini, papa? Ni manège. Ni ya kuchezea."

Mjomba hakuondoka hadi saa sita. "Bananificha," alituambia nyumbani. "Gurudumu kubwa vile, muniambie ni ya batoto?"

Lakini waliposimamisha gurudumu lote, hata mjomba aliacha kubisha. Uwanja wenyewe uko mlimani, upande wa usine, yaani kiwanda kikubwa cha shaba, na gurudumu lilisimama juu yake kana kwamba mlima umeota jicho. Lilipoanza kuzunguka mara ya kwanza, tupu, bila mtu hata mmoja, watu wazima walivua kofia. Mimi sijui kwa nini nami nilivua yangu.

Ningepanda siku hiyo hiyo. Kosa ni la Padri.

Mwaka uliotangulia parokia yetu ilikuwa imechapisha vitenge vya jubilei ya Padri, uso wake mkubwa kila mahali, anacheka. Vipande vilibaki kwa mama yangu, na barakoa zilipotakiwa alizishona kwa vipande hivyo. Wengine nyumbani walipata maua ya pembeni. Mimi nilichagua kipande changu kwa makini: kinywa cha Padri, na ndevu zake, na kidevu. Nikikivaa, macho ni yangu, chini ni yeye. Basi nikapita kwenye mstari wa gurudumu nikiwapa watu baraka, vidole viwili juu, na mama mmoja alijipiga ishara ya msalaba kabla hajanitambua.

Mlinzi wa mlango wa vikapu, kijana mrefu aliyekuja na malori kutoka Lubumbashi, hakucheka. Alikuwa na kipaza sauti cha betri, na alikitumia hata kwa mtu aliye mbele ya pua yake.

"WEYE! Na hiyo kinywa ya Padri! Hautapanda hapa. Hata leo, hata kesho."

Marafiki zangu wanne walipanda. Walikuwa na barakoa moja tu kati yao. Kila aliyeshuka aliivua nyuma ya vibanda na kumpa aliyefuata. Barakoa ile moja ilipanda gurudumu mara nne siku ile. Mimi sikupanda hata mara moja.

Ilipofika Jumapili ya mwisho ya gurudumu, Kambo akaniita jikoni baada ya misa. Kambo ni bibi yangu, mama wa mama. Kwetu babu naye ni kambo, lakini wetu alishafariki, kwa hiyo nitamwita Marehemu ili tusichanganyikiwe.

"Njoo hapa," alisema. "Na leo usinichekeshe."

Alikuwa anamenya mihogo. Miwani yake mizito ilikuwa imeteleza hadi ncha ya pua, na bila miwani ile Kambo hatofautishi mbuzi na kiti.

"Unajua kazi Marehemu alikuwa anafanya?"

Nilijua. Alikuwa dereva wa grue, ile mashine ndefu ya kunyanyua vitu vizito, ya njano, yenye shingo kama ya korongo na kijumba cha dereva juu kabisa. Miaka yote ya kazi yake aliishi mchana hewani, akarudi jioni ardhini.

"Kila jioni alikuwa ananiambia: leo nilikuona. Ulianika pagne ya rouge. Leo nilikuona unapepeta unga. Leo nilikuona unapigana na kuku. Namuambia: muongo weye! Hii kambi yetu nyumba zote zinafanana kama mayai. Kule mbali utajua yetu namna gani? Anacheka tu. Miaka makumi tatu, anacheka tu."

"Labda alikuwa anakisia," nikasema. "Na kuku munapigana nazo kila siku."

"Njo maana nataka kupanda ile kintu. Inaondoka kesho. Nikufe bila kujua kama nililala miaka makumi tatu na muongo?"

"Kambo, hata mama analala na muongo, na hajapanda kitu."

Ganda la muhogo lilinipiga sikioni. Lakini nilimwona usoni, na nikaacha kucheka. Hakuwa anataka kucheza. Tangu tumzike Marehemu hakuwahi kuniomba kitu zaidi ya maji ya kunywa. Na gurudumu halikuruhusu mzee kupanda peke yake, mama yangu anaogopa hata ngazi, mjomba bado amekasirika kwa ajili ya kazi aliyofichwa. Nilibaki mimi, niliyefukuzwa.

Vitenge vya Padri alivikataa. "Siende kumutafuta bwana yangu na mudomo ya mwanaume mwingine." Akafungua sanduku lake na kutoa salopeti ya Marehemu, nguo ya kazi ya bluu, iliyoungana juu na chini, ya mwisho aliyokuwa ameihifadhi. Akaukata mguu mmoja. Kitambaa kilikuwa kigumu hata mkasi ulilia. Nina utani wa kila kitu, niulize, nina utani hata wa msiba. Siku ile sikuupata. Akashona barakoa mbili, yake na yangu.

"Hii nguo haipitishe hata asidi," alisema kwa kiburi.

Haikupitisha hata pumzi. Hilo tulilijua baadaye.

Kabla hatujaondoka alianika kitenge chekundu, ile pagne ya rouge, kwenye kamba ya lupango, yaani ua wetu, peke yake, nguo nyingine zote kaziondoa. Akamwambia mama: "Muntu asiitoe pale. Hata mvula inyeshe."

Mpango wangu ulikuwa rahisi: barakoa ya bluu hadi chini ya macho, kofia hadi nyusi, na mdomo kimya. Kunyamaza ndiko kulikonitesa. Mbele yetu mama mmoja alikuwa amemvisha mtoto wake barakoa, naye mwenyewe amejifunga kitambaa cha mezani. Nyuma yetu mzee alikuwa akila karanga kupitia tundu alilolikata kwa ajili hiyo. Vyote vinapita mbele yangu, na mimi nimeshona midomo! Niliumia kama mtu anayeona chakula kinamwagika.

Tukafika. Tukanawa kwenye ndoo ya maji ya klorini. Mlinzi akanielekezea kile kibunduki cha kupima joto kwenye paji la uso, halafu akainama, akanitazama machoni.

"Weye nakujua."

Nikatikisa kichwa.

"Sema kwanza. Sema bonjour."

Nikatikisa kichwa tena. Na hapo Kambo, kwa upendo wote, akaingilia kuniokoa:

"Hawezi kusema, papa. Koo inamuuma."

Mama wa kitambaa cha mezani aliruka na mtoto wake. Mzee wa karanga alirudi nyuma hadi kwenye ukuta. Mwaka ule ungeweza kusema una bunduki mfukoni na watu wangekuuliza ya aina gani. Koo ilikuwa habari nyingine. Mstari wote ulipasuka katikati kama kitambaa kibovu, na nikabaki peke yangu uwanjani na Kambo.

"KOO?" kipaza sauti kililia.

"Hapana! Koo haiumi!" nikapiga kelele. "Minye mzima! Minye njo ule wa kinywa ya Padri!"

Halafu mtu huko nyuma akaanza kucheka, na wengine wakafuata, na mstari ukajishona tena polepole. Mlinzi peke yake hakucheka. Aliitazama barakoa yangu, kisha ya Kambo.

"Na hii ni kitambaa ya nini? Ya soudeur, ya kuchomelea vyuma?"

"Ya bwana yangu," Kambo akasema. "Alikuwa dereva wa grue mule mu usine. Alikuwa ananiambia kule juu anaona lupango yetu. Nataka kuona kama ni kweli. Huyu mutoto ni mubaya, najua, minye mwenyewe namupiga. Lakini sina mwingine."

Mlinzi akashusha kipaza sauti, na mara ya kwanza tukasikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya kijana tu.

"Pandeni, maman. Mizunguko tano. Lakini cache-nez ikishuka, hata kidogo, nasimamisha roue na munashuka. Chef wangu yuko anaangaria, bananifukuza kazi."

Tukapanda. Kikapu kikalia, kikaondoka ardhini.

Mzunguko wa kwanza siwezi kukuhadithia, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Barakoa ina faida yake: mtu haoni meno yanavyogongana.

Mzunguko wa pili nilifungua jicho moja, kisha la pili, na sikuweza kuyafumba tena. Niliujua mji wangu kwa miguu: hapa kuna shimo, pale kuna mbwa, pale mama anauza mandazi ya jana. Sikujua kwamba ni mmoja. Sikujua kwamba barabara zote zinajuana. Jakaranda zilikuwa zimechanua, na kutoka juu kila mtaa ulikuwa na mkanda wa zambarau kama Padri wakati wa Kwaresima. Vilima vya mawe ya kijani vya wachimbaji wa zamani. Bomba la moshi la usine, refu, limesimama peke yake. Reli inaingia milimani kama uzi kwenye sindano, na barabara ya Kapolowe nyekundu inaondoka, inaondoka, mpaka inakuwa hewa. Na watu, wadogo, kila mmoja anakwenda mahali pake, hakuna anayejua kwamba anaonekana. Nilisikia kitu kifuani nisichokijua. Kama kanisani, lakini bila kusinzia.

"Kambo, munaona?"

"Naona mawingu tu."

"Mawingu gani? Mbingu ni safi!"

Nikamgeukia. Miwani yake ilikuwa nyeupe tupu, visahani viwili vya maziwa. Pumzi yake haikupata njia kwenye salopeti ile ngumu, ikawa inapanda yote machoni. Akavua miwani, akapangusa, akavaa. Kabla kikapu hakijasogea, maziwa yakarudi. Akashika ukingo wa barakoa ili aishushe kidogo, kidogo tu, na kutoka chini:

"MAMAN YA KIKAPU YA BLEU! PUA! PUA!"

Akaipandisha upesi. Bila barakoa hapandi, na kwa barakoa haoni. Tukashuka, tukapita chini mbele ya ndoo ya klorini, mzunguko wa tatu ukaanza, na Kambo akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Basi angaria weye. Uniambie. Lakini ukifanya muchezo leo, sitakusamehe mupaka kufa."

Tukapanda. Nikatafuta. Kambi yote ilikuwa chini pale, mistari ya nyumba za wafanyakazi wa usine, bati hadi bati, zote za kutu, zote sawa. Alisema kweli: mayai. Na nguo nyekundu? Zilikuwa kila mahali! Nusu ya wanawake wa Likasi walikuwa wameanika nyekundu Jumapili ile. Nikahesabu mistari nikapotea, nikaanza tena nikapotea.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema tu, "Naiona, Kambo, ile pale," na angerudi nyumbani amepona. Mimi ndiye mtoto aliyemwambia jirani kwamba mbuzi wake ameitwa jeshini. Uongo huu ungekuwa mdogo, mzuri, hata mtakatifu. Lakini mkono ule kwenye goti ulikuwa mzito. Alikuwa amekuja kumpima muongo mmoja. Nisingeweza kumpa wa pili.

"Sione, Kambo," nikasema. "Zote zinafanana."

Tulikuwa tunashuka tayari. Halafu Kambo, taratibu, akikiambia kitambaa cha bluu zaidi kuliko mimi: "Alikuwa muongo, basi." Hakukasirika. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kama mtu anayefunga dirisha.

Mzunguko wa nne nilisimama ndani ya kikapu. Usifanye hivyo. Kipaza sauti kililia tena na sikukisikia. Nikaacha kutafuta nyekundu, nikatafuta mti: karibu na kwetu, nyumba mbili kabla, kuna mti wa avoka, yaani parachichi, uliopigwa radi, umebaki nusu, upande mmoja majani, upande mmoja mkaa. Nikauona! Nikahesabu kutoka pale. Moja. Mbili.

"Kambo. Kuna nyumba iko na bati ya njano."

"Si yetu. Yetu haina rangi."

"Ni ya pili kutoka mti wa radi. Pagne ya rouge iko pale, peke yake kwenye kamba. Na mama anasimama kando anailinda, mikono kwenye kiuno. Ni yetu, Kambo! Bati ni nyuma, upande wa usine, upande ule wa ukuta ya jirani. Chini hauwezi kuiona. Bati moja tu, njano."

Mkono wake ulinibana goti.

"Njano ya namna gani?"

"Imezeeka. Lakini njano kabisa. Kama ya..." na nilipokuwa nataka kusema nikaelewa, nywele zikasimama chini ya kofia. "Kama ya grue."

Kambo akageuza uso. Kikapu kilifika juu kabisa na kuanza kuteremka, na nilifikiri amekasirika, kwamba anaona ni mchezo wangu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Mimi sijawahi kumfanya acheke vile, na nimejaribu maisha yangu yote.

"Siku moja," alisema, "mama yako alikuwa angali mugongoni. Nikarudi ku soko, nakuta Marehemu iko na rangi ya njano mu nywele, mu masikio, ku suruali. Namuuliza: umetoka kwa mwanamuke gani anajipaka rangi? Hasemi. Nikamunyima chakula siku tatu! Siku tatu, mwanangu, na hakusema kitu. Anacheka tu."

Hilo sikuwahi kulisikia. Mama yangu mwenyewe hakulijua, nilimuuliza baadaye. Kambo alikuwa na aibu na ugomvi ule, akautunza peke yake miaka yote, na jibu lake lilikuwa limelala juu ya kichwa chake, kwenye paa, kila usiku.

Mzunguko wa tano. Maziwa kwenye miwani hayakuondoka, na sasa nadhani hayakuwa pumzi tu. Aliivua akaiweka mapajani. Nikaushika mkono wake, nikaunyoosha, nikakunja vidole vyote nikaacha kimoja, nikakielekeza. Kikapu kilipanda, na nikawa nasogeza kidole kile polepole ili kisiache bati, juu, juu zaidi, hadi mwisho, pale ambapo mtu anaona kila kitu na anasikia upepo tu. Macho yake hayakuona hata mlima. Lakini kidole chake kilikuwa pale pale, na alikikaza mwenyewe, nikaweza kumwachia.

Tulipofika chini mlinzi alifungua mlango wa kikapu, akamtazama usoni.

"Maman, cache-nez yenu imelowana. Ikilowana haina kazi." Akatoa mpya mfukoni, ya karatasi, akampa kwa mikono miwili. Kisha akauliza bila kipaza sauti: "Mulimuona bwana yenu?"

"Hapana," Kambo akasema. "Yeye njo alikuwa ananiona."

Tulitembea hadi nyumbani chini ya jakaranda, mimi na yeye, na watu waliotupita sikuwatania hata mmoja, ingawa mzee wa karanga alitupita na tundu lake. Mama alikuwa bado amesimama kando ya kitenge. Aliniuliza tumeona nini. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nilikuwa natazama paa letu, upande wa mbele, kutu tupu.

Mama akanyoosha mkono haraka, akaniwekea kwenye paji la uso, kuona kama nina homa.